Kikao cha saa moja hakichukui saa moja

Wiki iliyopita msomaji mmoja, kocha wa taaluma hapa Nairobi, yaani anayewaandaa watu kusaka kazi, aliniandikia: "Mwalimu, nina wateja kumi na wawili tu, kila mmoja kikao kimoja kwa wiki. Mbona nafanya kazi hadi Jumapili usiku?"

Ndugu yangu, tatizo ni hilo "tu".

Piga hesabu. Kabla ya kikao cha dakika 60 unahitaji dakika 15 za kupitia maelezo ya mteja na tangazo la kazi anayoitaka. Kikiisha, dakika 15 nyingine za kuandika mlichokubaliana kabla hakijakutoka kichwani. Kisha zinafuata jumbe za "Kocha, hebu pitia hii barua pepe kabla sijatuma", dakika 20 kwa uchache. Jumla ni dakika 110. Wateja 12 wamekula saa 22. Ongeza CV tatu za kuandika upya, saa 4 kila moja pamoja na marekebisho, na simu tano za utangulizi za dakika 40, ambazo hakuna anayezilipia. Umefika saa 37 na dakika 20, na bado hujagusa LinkedIn, hujatoa risiti, wala hujakwama Mombasa Road.

Kwa hiyo kalenda yako isiandike dakika 60. Funga saa mbili kwa kila kikao, na usimpe mtu nafasi katikati yake hata akiahidi kwamba ni "swali dogo tu". Swali dogo halijawahi kuisha kwa dakika tano.

Halafu punguza idadi ya vikao. Wateja wabaki walewale, ila waonane nawe kila baada ya wiki mbili. Mtu aliyetuma maombi Jumatatu hana jipya la kukueleza Jumatatu inayofuata. Waajiri wenyewe hawajafungua barua. Mkikutana mapema hivyo mtarudia yaleyale, naye ataanza kujiuliza analipia nini. Wateja 12 kila wiki mbili ni vikao sita kwa wiki.

Viweke wapi? Mteja aliyeajiriwa hapatikani saa nne asubuhi. Atataka saa kumi na mbili alfajiri kabla ya kutoka, au saa saba mchana akiwa ndani ya gari huku akinong'ona, au usiku baada ya watoto kulala. Ukikubali zote, siku yako inaanza gizani na kuisha gizani, na katikati zinabaki chenji za dakika arobaini zisizotosha kuandikia CV. Chagua Jumanne na Alhamisi, vikao viwili kila jioni, saa 12 na saa 2 usiku. Jumamosi weka vitatu: saa 2, saa 4 na saa 6. Hizo ni nafasi saba. Siku za vikao vya jioni usiguse kazi kabla ya saa sita mchana. Anayeanza alfajiri atakuwa anapiga miayo mbele ya mtu aliyefutwa kazi.

Nafasi moja ya Alhamisi iache wazi, ni ya dharura. Kila wiki kuna mtu atakayepigiwa simu Jumatano kwamba anahojiwa Ijumaa asubuhi. Bila nafasi hiyo utamsukuma mteja mwingine, na huyo naye atamsukuma wa tatu. Ikifika Alhamisi adhuhuri na hakuna aliyeitwa, itumie kuandika CV.

Sasa suala la saa yenyewe, maana hapa ndipo watu hupotezana. Mteja akiandika "Alhamisi saa 3", hujui kama amewaza Kiswahili, yaani 9:00, au amewaza Kiingereza, yaani saa tisa alasiri. Mjibu kwa namna zote mbili: "saa tatu asubuhi, 9:00". Kwa walio London, kumbuka sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba wako nyuma yetu kwa saa tatu, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi ni saa mbili. Kikao cha kujirudia kipangwe kwa saa za Nairobi, na wiki ya mabadiliko mtumie mteja ukumbusho.

Malipo yatangulie. Nafasi haipo mpaka ujumbe wa M-Pesa uingie. Anayeahirisha chini ya saa 24 kabla amepoteza kikao hicho, na anayechelewa hupata dakika zilizobaki. Mtu anaweza kukuambia yuko njiani, amefika Allsopps, na bado yuko nyumbani anatafuta viatu. Andika masharti haya kwenye ujumbe wa kwanza kabisa. Ukiyatoa siku ya ugomvi yataonekana ya kumlenga yeye.

Kuonana ana kwa ana kuwe kwa mazoezi ya usaili pekee, tena yote siku moja, mahali pamoja. Wala usimpeleke mteja mgahawani. Hakuna anayesema ukweli kuhusu jinsi alivyoachishwa kazi huku meza ya jirani imenyamaza kusikiliza.

CV nayo ina kero yake. Anza faili moja ya mtandaoni ambayo nyote mnaiona, na marekebisho yawe mawili tu, ndani ya siku saba. Bila hivyo utajikuta na "CV mpya", "CV mpya ya mwisho" na "CV ya mwisho kabisa", na mteja atatuma ile yenye namba ya simu aliyoiacha zamani.

Wanaowinda kazi za serikali wape ukurasa mmoja siku ya kwanza: cheti cha KRA (mamlaka ya mapato) cha kufuata sheria za ushuru, ambacho hudumu miezi 12, kibali cha HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai), fomu ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi) na cheti cha CRB (taasisi ya taarifa za mikopo). Cha DCI ndicho kinachochelewesha watu, kwa kuwa baada ya kuomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, lazima waende wakachukuliwe alama za vidole. Wakikikumbuka wiki ya mahojiano, ni wewe watakayekupigia simu saa nne usiku, kana kwamba una ofisi Kiambu Road, yaliko makao makuu ya DCI.

WhatsApp ifungue mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi (saa sita mchana siku za vikao vya jioni) na saa kumi jioni, na ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Ukitumiwa wa dakika saba, jibu kwa sentensi moja: "Hili tuliweke kwenye kikao cha Jumanne."