Urithi wa makatazo? Barua kwa binti yangu

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Umeniuliza hivi: mhubiri wenu huko Dar anasema Kristo ametutoa chini ya sheria, kwa nini basi mimi bado nawaambia watoto wa kipaimara kwamba Amri Kumi ni urithi wao? Ukaongeza, kwa ule ulimi wako, kwamba hujawahi kuona mtu anayegombania urithi wa makatazo.

Nianze na mhubiri, maana hajakosea kote. Paulo anawaandikia Wagalatia kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Laana, mwanangu. Torati yenyewe, Paulo huyohuyo anaiita takatifu, ya haki na njema. Soma Warumi 7:12. Anayezitupa zote mbili kwa pamoja amemwacha Paulo njiani.

Sasa urithi. Wewe umekulia hapa Rungwe, unajua mashamba yanavyopita mkononi. Mtoto hapewi kipande cha migomba kwa sababu ni mkulima hodari. Wapo wavivu tunaowajua, nao wamepewa. Anapewa kwa kuwa ni mtoto wa nyumba ile. Kulima kunafuata baadaye, na hapo ndipo anapoonekana kama anajua alichopewa.

Fungua Kutoka 20. Kabla ya "usiue" na "usiibe", Mungu anajitaja kwanza kuwa ndiye aliyewatoa Waisraeli Misri, katika nyumba ya utumwa. Angalia mpangilio huo. Hakuwaendea wakiwa wanafinyanga matofali ya Farao akawaambia wakitii atawafungua. Walishafunguliwa, bahari walishaivuka, ndipo wakafika Sinai. Kwa hiyo amri hazikuwa bei ya kuwa watoto wake. Nadhani wahubiri wengi, wale wanaowachapa watu kwa sheria kama fimbo na hawa wanaoitupa, wanapotelea mahali hapo pamoja.

Musa alipokuwa akiyabariki makabila kabla ya kufa, Kumbukumbu la Torati 33, aliitaja torati kuwa urithi wa mkutano wote wa Yakobo. Hakusema wa makuhani. Tena sura ya 31 inaagiza kwamba kila mwaka wa saba, katika Sikukuu ya Vibanda, isomwe mbele ya wanaume, wanawake, watoto na mgeni aliye malangoni. Mgeni naye! Kwetu kikao cha mirathi mgeni hakaribishwi, na mabinti tumekaribishwa kwa kuchelewa. Ardhi ukiigawa kwa watoto sita, kila mmoja anabaki na ukanda. Torati waliigawiwa wote na kila mmoja akaondoka nayo nzima.

Lakini usidhani kurithi ni kulala. Kuna agizo ninalolipenda, Kumbukumbu 17: mfalme akikalia kiti, ajiandikie nakala yake ya torati na aisome siku zote za maisha yake. Asitegemee kwamba baba yake alikuwa nayo. Walimu wa Kiyahudi waliliona hili vizuri kuliko sisi. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokusanywa karibu mwaka 200 baada ya Kristo, Rabi Yose anamwambia mtu ajiandae kujifunza Torati, kwa kuwa haimjii kwa kurithi. Inapingana na Musa? Mimi sioni hivyo. Imeachwa kwa jina lako, ila kuichukua ni kazi yako. Ubatizo wako nilikupeleka mimi. Imani siwezi kukushikia.

Na makatazo? Hapo nakurudisha kwenye Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, kitabu kifupi cha mafundisho ya imani, uliyoikariri ukinuna. Wamisionari wa Berlin na wa Moravian walipofika Unyakyusa mwaka 1891, hao wa Berlin walikuwa warithi wa Luther, na ndiyo maana nasi tuliikuta. Kwenye "usiue", Luther haishii kwenye kutokuua. Anasema tumsaidie jirani katika kila haja ya mwili. Kwenye "usiibe", tumsaidie kuilinda na kuiongeza mali yake. Jirani yako akipata mnunuzi mbaya wa parachichi zake, nawe unamjua mzuri ukanyamaza, amri ya saba imekugusa. Makatazo ni ukingo tu. Shamba lenyewe liko ndani.

Mjukuu wangu akija likizo ya Desemba nitaanza naye Amri ya Kwanza. Ya nne, ya kuheshimu baba na mama, ataisubiri kidogo. Wazazi tunaipenda mno hiyo. Daftari usimnunulie, ninalo. Mletee kalamu, kwa maana nitamtaka aandike nakala yake mwenyewe. Na wewe ukiwa na nafasi, andika yako.

Mama yako,
Tukuyu