Foleni ya OPD: kabla ya semina na kompyuta, mpeni mgonjwa kadi

Wakuu, habari za jioni.

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili, maana ni kama umeiandika hospitali yetu ya miaka minane iliyopita. Umesema hospitali yenu ya wilaya wagonjwa wa OPD, yaani wagonjwa wa nje, wanakaa hadi masaa sita, malalamiko yameshafika kwa diwani, na uongozi una mambo mawili mezani: kununua mfumo wa kompyuta, na kuwapeleka wakuu wa vitengo semina. Umeuliza kipi kitangulie.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi OPD na wodi ya wazazi zaidi ya miaka kumi na minne, na nimekuwa katibu wa timu ya kuboresha kazi ya kitengo chetu. Kwa niliyoyaona, vyote viwili visubiri kwanza. Anzeni kwa kujua muda wa mgonjwa unapotelea wapi, na mjue kwa kupima.

Sisi tulianza kwa kukisia. Kwenye kikao kila mtu alikuja na mtu wake wa kumlaumu. Madaktari walisema mapokezi wanachelewesha mafaili, mapokezi wakasema ni dirisha la malipo, wa malipo wakasema ni mtandao, na mwisho wote tukakubaliana kwamba madaktari hawatoshi. Ikaamuliwa wauguzi wawili wakae kwenye korido na daftari waandike muda. Siku hiyo kazi ilikwenda mbio ajabu, saa 7 mchana korido nyeupe. Wiki iliyofuata mambo yakawa yaleyale. Mtu akijua anaangaliwa hufanya kazi tofauti, hilo halina mjadala.

Ndipo tukatengeneza kadi. Ni kipande cha karatasi ngumu, robo ya A4, ambacho mgonjwa anakibeba mwenyewe tangu getini hadi anapotoka na dawa. Hakina jina, kina namba tu. Kila kituo anachopita, mhudumu wa pale anaandika saa aliyomwita na saa aliyomaliza naye: mapokezi, malipo, meza ya presha na joto na uzito, daktari, maabara, daktari tena, dawa. Tulifanya hivyo Jumatatu hadi Ijumaa, na jioni tunakaa watatu kuzipanga mezani.

Kuna kadi moja naikumbuka mpaka leo. Mama na mtoto wa miaka miwili mwenye homa. Getini saa 12:40 asubuhi. Daktari kamwita saa 4:05, kamaliza naye 4:11. Maabara wamechukua damu 4:30. Majibu tayari 4:55. Daktari mara ya pili saa 7:20. Dawa 7:50. Ukijumlisha dakika ambazo kuna mtu alikuwa anamhudumia kweli, nusu saa haifiki. Na kuanzia 4:55 hadi 7:20 yule mtoto alikuwa amelala mgongoni kwa mama yake kwenye benchi, majibu yake yakiwa yameshaandikwa.

Tukaenda maabara kuuliza. Majibu yakitoka yalikuwa yanawekwa kwenye trei ya plastiki ya bluu karibu na dirisha. Mhudumu wa kuyapeleka kwenye vyumba vya madaktari alikuwa ndiye huyohuyo anayeosha vifaa, kwa hiyo alisubiri trei ijae ndipo apeleke. Ilijaa mara tatu kwa siku. Alifundishwa hivyo siku ya kwanza kazini na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Kisha majibu yakishafika, mama anapanga foleni upya nyuma ya watu ambao hawajaonwa hata mara moja. Mambo hayo mawili yalikuwa yanakula muda kuliko uhaba wa madaktari tuliokuwa tunaulalamikia miaka yote.

Tulichofanya hakikuhitaji bajeti. Majibu yakaanza kupelekwa kila baada ya dakika 20, yawe mawili au kumi na mawili. Na kuanzia saa 4 asubuhi chumba kimoja cha daktari kikawa cha wenye majibu tu. Ndani ya wiki mbili benchi la mbele ya maabara lilikuwa na nafasi ya mtu kunyoosha miguu.

Jambo la pili tulielezwa na mlinzi wa geti, na ninaomba sana kwenye timu yenu msimsahau mlinzi, wala mhudumu wa usafi. Alituambia watu wanafika saa 11 alfajiri kwa sababu wanajua namba zinagawiwa saa 1. Madaktari, baada ya ripoti ya asubuhi na raundi ya wodi, walikuwa wanaingia OPD saa 3:30. Foleni ilikuwa inajengwa masaa mengi kabla ya mtu wa kuibomoa kufika. Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John Little, alithibitisha kanuni rahisi ambayo yeyote anaweza kuitumia: wastani wa watu waliomo ndani ni sawa na idadi wanaoingia kwa saa ukizidisha kwa masaa ambayo kila mmoja anakaa. Wakiingia 30 kwa saa, na kila mmoja akakaa saa 4, basi jengo litakuwa na watu 120 mpaka ufupishe hizo saa 4. Wakati huo uongozi wetu ulikuwa unaomba fedha za mabenchi. Tulipowaonyesha hesabu hiyo ubaoni, mganga mfawidhi akakubali daktari mmoja kwa zamu asiende raundi, aanze OPD saa 1:30.

Sasa mafunzo. Hapa ndipo nina uchungu, mnisamehe nikirefusha.

Kabla ya kadi tulishapeleka watu semina, siku tatu, kwenye hoteli mjini. Walikwenda wakuu wa vitengo. Waliyofundishwa yalikuwa mazuri, nimeyasoma makabrasha yao yote. Lakini mhudumu wa ile trei ya bluu hakwenda, na aliyekwenda kwa niaba ya maabara alihamishwa miezi mitatu baadaye.

Haydom, hospitali ya Kilutheri kule Manyara, wamelipima jambo hili vizuri kuliko wengi. Waliwafundisha watumishi kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Miezi kadhaa baadaye wakawapima: kwenye mwanasesere wa mazoezi walifanya vizuri kuliko zamani, ila kwenye chumba cha kujifungulia, kwa watoto halisi, utendaji haukubadilika. Matokeo yalitolewa mwaka 2013. Hawakukata tamaa, wala hawakuwaambia wakunga ni wazembe. Walibadili namna ya kufundisha: mazoezi mafupi ya dakika chache, palepale wodini, mara kwa mara. Utafiti wao wa mwaka 2015 ulionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Kila ninapoona bajeti ya mafunzo imeandikwa ukumbi, chai na posho, nawakumbuka wale watoto.

Sisi tukaiga. Jumanne na Alhamisi, wakati wa makabidhiano ya zamu, dakika 15, watu wakiwa wamesimama, jambo moja tu. Wiki hii namna ya kumtambua mtoto asiyetakiwa kukaa foleni: anayepumua kwa shida, aliyepoteza fahamu, mwenye degedege, mwenye macho yaliyodidimia kwa kuharisha. Anayefundisha ni mtumishi wa kitengo hicho, na wanaofundishwa ni wote, hadi karani na mlinzi, maana wao ndio wanaomwona mtoto kwanza. Mwezi wa kwanza watu walinung'unika kuhusu posho. Nisikufiche, wawili hawakuwahi kuja. Waliobaki walianza wenyewe kudai somo lisirukwe.

Na usione ni jambo dogo. Malawi, kwenye hospitali ya Queen Elizabeth pale Blantyre, idara ya watoto ilifundisha watumishi huduma ya dharura, ikaanza kuchambua watoto wanapofika tu, na ikapanga upya njia wanayopita. Vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18 kabla ya mwaka 2001. Baadaye vikawa kati ya 6 na 8. Akitokea mwenzako akasema tafiti hizi ni za wazungu, mtajie pia Ifakara. Ile orodha ya usalama ya chumba cha upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, mojawapo Mtakatifu Francis Ifakara, na kwa hospitali zote kwa pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hiyo ilitolewa 2009.

Umegusia pia 5S, ule utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Naiheshimu. Kwa hospitali za Tanzania ilianzia Mbeya, Hospitali ya Rufaa, mwaka 2007, kwa msaada wa Wajapani, na stoo yetu ya vifaa iliokolewa nayo. Shida ni kwamba vitengo vingi hufika kwenye kuchora mistari ya njano sakafuni na kubandika lebo, kisha wanasubiri wakaguzi. Trei yetu ya bluu ilikuwa na lebo nzuri kabisa.

Kuhusu kompyuta, sipingi. Ila ungeingizwa mfumo kwetu kabla ya kadi, majibu yangefika kwenye skrini ya daktari dakika ileile na mama angeendelea kuwa nyuma ya foleni, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameamua mwenye majibu anapita wapi. Amueni njia kwanza, kisha mwambieni fundi wa mfumo aifuate.

Hayo yote hayataleta daktari ambaye hamna, na Jumatatu itaendelea kuwa Jumatatu. Kwetu foleni ipo mpaka leo, ila mtoto wa homa anayefika alfajiri huwa nyumbani kabla ya saa 5.

Mawili ya utaratibu. Mganga mfawidhi aridhie kwa maandishi, na majina ya wagonjwa yasiingie popote. Kama mnafikiria kuyachapisha matokeo kama utafiti, ombeni kibali cha maadili kabla ya kukusanya chochote, NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, watawaelekeza.

Na siku moja kabla ya kuanza, zungukeni vituo vyote mkiweka saa za ukutani sawa. Kwetu ya maabara ilikuwa nyuma dakika 11. Kadi za siku ya kwanza zikaonyesha damu imepokelewa kabla daktari hajaagiza kipimo, ikabidi tuziweke kando zote na kuanza upya.