Rufaa ya kesi ya fedha za TASAF

Pole dada, umeuliza kama kaka yako aliyefungwa anaweza kukata rufaa. Kama alikiri kosa mahakama ya wilaya kwamba aliendelea kuchukua ruzuku ya TASAF (mfuko wa serikali ya Tanzania wa kusaidia kaya maskini) ya marehemu mama, Mahakama Kuu hapo Mwanza itasikiliza ukubwa au uhalali wa kifungo tu, isipokuwa kama kukiri kwenyewe kuna utata. Wahini kusudio la rufaa, yaani taarifa kwamba mnakusudia kukata rufaa: siku 10 tangu hukumu. Rufaa yenyewe ni siku 45 tangu hukumu, na muda wa kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hauhesabiwi. Ombeni nakala kwa barua, mbaki na nakala yenye muhuri. Akiwa gereza la Butimba anaweza kupitishia rufaa kwa mkuu wa gereza, hivyo vishoka (madalali wasio mawakili) wa mahakamani msiwape hata senti. Ila jueni, adhabu inaweza pia kuongezwa.