Maswali ya Wasomaji: Michirizi ya Mviringo Kwenye Rangi ya Gari

SWALI: Ndugu Mhariri, nina Toyota Premio nyeusi niliyoinunua mwaka juzi katika yadi moja hapa Kampala. Kivulini inapendeza, lakini jua likiwaka, au nikiiegesha usiku chini ya taa za kituo cha mafuta, boneti nzima huonyesha michirizi myembamba inayoizunguka taa. Kijana anayenioshea gari kila Jumamosi anasema rangi imezeeka. Fundi mmoja wa Ndeeba ameahidi kuiondoa kwa mashine ndani ya saa moja, na jirani yangu ananishauri ninunue mashine yangu mwenyewe. Je, michirizi hiyo huondoka kweli, na nimsikilize nani kati ya hawa watatu? (Msomaji, Ntinda)

JIBU: Huondoka, ndugu msomaji, na rangi yako haijazeeka. Unachokiona ni mikwaruzo midogo isiyohesabika iliyokatwa kwenye klia, yaani lile tabaka angavu linalopakwa juu ya rangi yenyewe. Mikwaruzo hiyo haikuchorwa kwa mduara. Imekwenda huku na huko, ila ile tu iliyolala kukingama mbele ya mwanga ndiyo inayourudisha machoni mwako, na kwa sababu hiyo duara huifuata taa popote ilipo. Ukitaka kuhakikisha, washa tochi ya simu usiku, ishike juu ya boneti, kisha uisogeze polepole kuelekea taa za mbele: kitovu cha duara kitasogea pamoja nayo. Ikiwa badala yake unaona mikanda mipana isiyohama mahali pake, inayong'aa na kufifia kadiri unavyotembea kando ya gari, hiyo ni alama ya mashine iliyoshikwa vibaya na mtu aliyekutangulia, pengine hata kabla gari halijapanda meli.

Chanzo cha michirizi ya kawaida ni uoshaji. Vumbi la murram lina chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko klia, na barabara zetu hulimwaga juu ya gari kila siku ya kiangazi. Katika sehemu nyingi za kuoshea magari utakuta ndoo moja na kitambaa kimoja, na kitambaa hicho hicho kilichotoka kusugua magurudumu ndicho kinachopandishwa kwenye milango na boneti, kikiwa kimebeba mchanga wote ule. Simlaumu kijana wako, kwa maana hutumia vifaa anavyopewa. Hata hivyo, usimlipe fundi hata shilingi moja kabla hujabadilisha namna gari linavyooshwa, kwa sababu michirizi itarudi baada ya Jumamosi chache. Gari limwagiwe kwanza maji mengi ya presha ili mchanga uteremke bila kuguswa, ziwepo ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, magurudumu yawe na kitambaa chake cha peke yake, na kukausha kufanywe kwa taulo laini la maikrofaiba. Ile desturi ya kupangusa vumbi kavu asubuhi kabla ya kwenda kazini huharibu rangi kuliko mvua ya wiki nzima.

Sasa tuje kwenye mashine. Mashine ya polishi haizibi mkwaruzo. Hupunguza klia iliyo pembeni mwake mpaka uso ulingane na sakafu ya mkwaruzo huo. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50, takriban nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia, na ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya miale mikali ya jua, ambayo hapa kwetu penye Ikweta haina mapumziko ya majira ya baridi. Michirizi mingi ya kuoshea ina kina cha mikroni chache tu, kwa hiyo gari linaweza kustahimili kazi hii likifanyiwa kwa uangalifu, lakini haliwezi kufanyiwa kila mwaka. Kipimo cha unene wa rangi, ambacho mafundi makini wanacho, kitakuonyesha jumla ya matabaka yote: bati lililo na rangi ya kiwandani kwa kawaida husoma kati ya mikroni 100 na 180, na pale panaposoma mamia mengi zaidi, jua kwamba pamewahi kupakwa upya au kujazwa pati, ile lipu ya kuziba mibonyeo. Gari la mtumba lisipimwe mahali pamoja tu, kwa sababu mlango mmoja unaweza kuwa na historia tofauti kabisa na mwenzake.

Kuhusu fundi wa saa moja, mashaka yangu ni makubwa. Saa moja haitoshi hata kuliosha gari, kulipitishia udongo wa klei ili kutoa uchafu uliong'ang'ania, na kubandika tepu kwenye mipira na kingo za plastiki. Anachoweza kufanya ndani ya muda huo ni kupaka polishi yenye mafuta mengi inayojaa ndani ya mikwaruzo na kuificha. Utaondoka ukitabasamu, na baada ya kuosha mara kadhaa kwa sabuni utaikuta yote mahali pake. Premio nzima, ikifanywa ipasavyo, ni kazi ya siku moja, wakati mwingine mbili.

Muulize pia anatumia mashine gani. Ile ya mzunguko mmoja hukata upesi, lakini joto hujikusanya mahali pamoja, na mkono usiozoea unaweza kuichoma klia kwenye kingo za boneti, ambako rangi huwa nyembamba zaidi, ndani ya sekunde chache. Ile ya mizunguko miwili, ambayo pedi yake, yaani sponji ya kung'arishia, huzunguka na papo hapo kuyumba, hutawanya joto, na ukiikandamiza kupita kiasi huacha kuzunguka badala ya kuchimba. Kama utanunua mashine, kama anavyoshauri jirani yako, basi iwe hii ya pili, yenye myumbo wa milimita 8 au 15, nawe uanze kujifunza kwenye boneti kuukuu ya kununua kwa wauza vyuma chakavu. Fundi akikutolea grainda ya kukatia vyuma iliyofungwa sponji, chukua funguo zako uondoke: grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, ilhali mashine ya polishi ya mzunguko mmoja hufanya kazi kati ya mara 600 na 3,000.

Kazi huanza na eneo la majaribio, na hapo ndipo fundi mzuri hujulikana. Huchagua sehemu ya boneti yenye upana wa sentimita 50 kila upande, huizungushia tepu, kisha hujaribu kwanza pedi laini pamoja na polishi ya kumalizia, iliyo dhaifu kuliko zote alizonazo. Michirizi ikitoka kwa hiyo, basi gari zima litafanywa kwa hiyo. Isipotoka, hupanda ngazi moja kwenda pedi ngumu zaidi, na mwisho kabisa ndipo hufikia kompaundi, yaani polishi kali ya kukata. Anayeanza na kompaundi kwa sababu tu inakata haraka anatumia akiba ya klia yako kujiokolea muda wake. Jambo hili lina uzito wa pekee kwenye Toyota nyeusi. Tazama kibati kilichopigiliwa kwenye ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Ukikuta namba ya rangi ni 202, mwambie fundi, maana nyeusi hiyo inafahamika kwa ulaini wake: huchirizika kwa kitambaa cha kawaida, husafishika kwa polishi dhaifu, na kompaundi kali huiachia ukungu ambao utahitaji kuondolewa tena.

Ukilifanya mwenyewe, gari liwe kivulini na bati liwe baridi unapoliwekea kiganja. Weka matone manne madogo ya polishi kwenye pedi, uyatandaze kwa mwendo wa chini mashine ikiwa imegusa bati tayari, kisha uongeze kasi hadi namba 4 au 5 na upitishe mashine polepole, kila mstari ukifunika nusu ya ule uliotangulia, ukienda kwa marefu halafu kwa mapana, jumla mara nne hadi sita. Chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye ukingo wa bamba linaloshika pedi: mstari ukionekana unazunguka, kazi inafanyika; ukisimama, umekandamiza mno au umeiinamisha mashine. Baada ya kila eneo, pedi isuguliwe kwa brashi, kwa sababu klia iliyokatwa na polishi iliyokauka huganda ndani yake na kuanza kukwaruza upya. Pedi ikianguka chini usiipanguse na kuendelea. Iweke kando mpaka ioshwe. Andaa pedi za kutosha, kwa kuwa mbili hazitamaliza gari.

Usiamini macho yako mpaka umeondoa mafuta ya polishi. Changanya spiriti ya isopropili na maji, spiriti isizidi robo, nyunyiza, futa kwa taulo safi, kisha utazame eneo hilo juani au kwa tochi ile ile. Kinachobaki hapo ndicho kilichobaki kweli. Mkwaruzo unaonasa ukucha unapoupitishia kidole, kama ule unaoachwa na kanyagio la bodaboda kwenye foleni, umekwenda chini mno, nao usifukuzwe kwa mashine. Kulainisha kingo zake kunatosha. Mwisho paka nta au kinga nyingine ya rangi, ukijua kwamba hata kinga ya seramiki haiponyi mikwaruzo, na kwamba ikipakwa juu ya michirizi huifungia ndani.

SWALI: Gari langu jeupe, pia Toyota, lilipopigwa polishi, pedi iligeuka nyeupe pepepe. Je, fundi ameifikia rangi? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Huenda hapakuwa na klia tangu mwanzo. Toyota nyingi nyeupe za namba 040 zilipakwa rangi ya tabaka moja bila klia juu yake, na rangi ya namna hiyo lazima ihamie kwenye pedi. Angalia kibati. Kama namba ni hiyo na weupe umebaki sawa kote, huna sababu ya hofu. Kama kuna sehemu iliyoanza kuonyesha rangi ya kijivu ya praima, yaani rangi ya msingi iliyo chini, kazi isimamishwe mara moja, kwa sababu hapo panahitaji fundi wa kupaka rangi na si wa polishi.

SWALI: Ninaegesha gari chini ya mti wenye makaloli, wale korongo wakubwa wala mizoga. Kinyesi chao kimeacha madoa yasiyotoka kwa sabuni. Je, mashine itayatoa? (Msomaji, Wandegeya)

JIBU: Inategemea umri wa doa. Juani klia hulainika na kutanuka, na inapopoa hujikunja na kushika umbo la kinyesi kilichokaukia juu yake, mbali na ukali wa kemikali zilizomo ndani ya kinyesi. Ukiona ukungu tu, polishi ya kumalizia itatosha. Ukihisi ukingo kwa kidole, mashine itapunguza doa bila kulimaliza. Kuanzia sasa, kinyesi kikianguka, kilazie taulo lililoloweshwa maji kwa dakika kadhaa, kisha ukiinue bila kusugua, kwa kuwa ndani yake huweza kuwa na chembe ngumu zinazokwaruza. Nafuu kubwa zaidi ni kuhamisha gari.

SWALI: Nimeuziwa mashine ya polishi iliyotumika Japani, nayo imeandikwa 100V. Fundi umeme anasema itawaka tu. (Msomaji, Arua)

JIBU: Itawaka kweli, na kisha itaungua. Umeme wetu ni volti 240, na mota iliyotengenezewa volti 100 haitadumu ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa takriban mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye mashine, ili isipate moto mkali kazi inapoendelea kwa saa nyingi. Kabla ya kuinunua linganisha bei yake na ya mashine mpya ya volti 220 hadi 240, kwa sababu mara nyingi ukijumlisha transfoma ile nafuu uliyodhani umeipata inatoweka.