Fundi, picha zangu si zilikuwa mtandaoni?

*Fundi, habari za kazi. Mimi nashona nguo za kike hapa Morogoro. Simuni nilikuwa na picha za mishono yangu ya miaka minne, zaidi ya elfu mbili, na mteja akija ndizo ninazomwonyesha. Wiki tano zilizopita simu iliandika nafasi imejaa, haipokei hata picha moja. Kijana wa jirani akasema picha zangu zote ziko Google Photos, kwa hiyo nifute tu za simuni. Nikafungua humohumo Google Photos, nikafuta. Kesho yake naangalia, hamna kitu simuni wala mtandaoni. Nimeibiwa?*
*Mshonaji, Morogoro*

Fundi mwenzangu, hujaibiwa. Kabla sijaeleza lolote, acha cherehani, fungua Google Photos na uingie kwenye kapu la taka. Picha iliyokwisha kupanda mtandaoni, ukiifuta, hukaa kapuni siku 60. Wewe umeshakula 35, una 25 mkononi. Zile ambazo hazikuwahi kupanda hukaa siku 30 tu, kwa hiyo hizo pole sana. Zilizobaki zichague zote, uzirudishe. Na mtu akikushauri umwage hilo kapu upate nafasi, mtoe dukani.

Sasa tuongee. Kabla ya kuwa fundi simu nilikuwa mpiga picha, na studio yangu ilikuwa Ngamiani, Tanga. Mteja alikuwa anaondoka na picha, mimi nabaki na negativu kwenye kopo la biskuti. Nyumba yake iungue, mtoto achore sharubu kwenye uso wa bibi harusi, mimi nasafisha nyingine. Wengi wanadhani Google Photos ni lile kopo langu. Sivyo. Ukishawasha kuhifadhi picha, simu na mtandao vinakuwa madirisha mawili yanayotazama chumba kimoja. Ukitoa kiti kupitia dirisha hili, usitarajie kukiona kupitia lile. Kijana wako hakukudanganya kwamba picha ziko juu. Alichosahau ni kukwambia kwamba mle kuna kitufe cha kupunguza mzigo simuni, ambacho huondoa picha za simu peke yake, tena zile ambazo nakala yake imeshafika juu. Kufuta kwa alama ya kapu ni jambo lingine kabisa.

Na hilo kapu ukilikuta tupu, usilie bado. Gusa duara lenye picha au herufi ya jina lako pale juu, usome barua pepe iliyoandikwa. Ni yako? Nauliza kwa sababu kila wiki naletewa simu zilizofunguliwa na kijana wa dukani kwa akaunti yake mwenyewe ili mteja aondoke haraka. Wengine barua pepe walifunguliwa steshenari siku ya kuomba mkopo wa chuo, neno la siri likabaki kwenye daftari la steshenari. Picha za mtoto wako zinapanda kwenye akaunti ya mtu usiyemjua hata jina, na yeye naye anashangaa nani huyu anayemjazia nafasi.

Kuhusu nafasi: Google inakupa GB 15 bure, lakini zimegawanywa kati ya barua pepe, Drive (kabati lao la mafaili) na picha. Zamani picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa, ila mlango huo ulifungwa Juni 1, 2021. Tangu 2024, nakala ya WhatsApp nayo kwa watu wa Android inakula humohumo. Piga hesabu: picha zako elfu mbili kwa MB 3 kila moja ni GB 6. Mishono yako inaenea bila kulipa senti. Kinachokujazia, nakuapia, ni video za kitchen party za watu wengine. Zifute hizo. Zikijaa zile 15, picha mpya hazipandi tena na hata barua pepe zinaacha kuingia, nawe unaendelea kupiga ukidhani mambo shwari.

Kuna na hili, ambalo kwa mshonaji ni kubwa kuliko yote. Picha ambazo wateja wanakutumia WhatsApp zinakaa kwenye folda yake, na folda hiyo haipandi mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye mipangilio uiwashe. Nimeona watu wakilia kwa hilo.

Ukisharudisha picha zako, zinakili kwenye eksteno, yaani diski ya nje, au hata memori kadi, uiweke kwa dada yako au kanisani, popote pasipokuwa chumba chako cha kushonea. Hilo ndilo kopo la biskuti. Mimi nilijifunza vibaya. Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika na intaneti ikatuachia vumbi, orodha yote ya simu za wateja zilizokuwa kwangu ilikuwa mtandaoni na sina hata karatasi. Jumatatu asubuhi watu wamejaa kibarazani, nami nawauliza mmoja mmoja simu yake ni ipi. Mmoja alichagua nzuri kuliko aliyoleta.

*Asalaam alaykum. Baba yetu alifariki Unguja mwaka jana. Simu yake ipo kwa dada, imezimwa tangu hitma. Kwenye akaunti yake ya Google zimo sauti alizojirekodi akituhadithia mambo ya zamani. Si ziko salama huko mtandaoni mpaka nitakapokwenda?*
*Mwana, Muscat*

Waalaykumu salaam, Mungu amrehemu mzee. Usingoje. Akaunti ya Google isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo, na kanuni hiyo ilianza kutekelezwa Desemba 2023. Tena laini isiyotumika hufungwa, namba akapewa mwingine, na tarakimu za siri za kuingilia akaunti zikatumwa kwa huyo mwingine. Mkishakubaliana kama familia, dada aichaji simu leo, asiifomati, asiitoe akaunti, aunge intaneti, atumie huduma ya Google Takeout kupakua kila kitu. Sauti zigawiwe watoto wote, kila mtu na kopi yake.

Nyinyi mlio hai, kwenye akaunti zenu kuna mahali pa kuandika warithi: unachagua muda wa ukimya, kuanzia miezi 3 hadi 18, na watu wasiozidi 10 watakaofunguliwa vitu vyako. Nilipomwomba mke wangu namba yake niijaze pale, aliniuliza kama nimekwenda hospitali kwa siri.

*Flashi au mtandaoni, kwa ajili ya tasnifu?*
*Mwanachuo, Dodoma*

Vyote viwili. Na flashi isikae begi moja na laptopu.