Laffey ya Okinawa haikuzama
Mnauliza kama Laffey, meli ya kivita ya Marekani iliyoshambuliwa karibu na kisiwa cha Okinawa, Japani, katika Vita vya Pili vya Dunia, ilizama. Hapana, haikuzama. Mnachanganya destroya (meli za kivita zenye kasi) mbili za Marekani zenye jina moja. Iliyozama ni ya kwanza, yenye namba DD-459, pale kisiwa cha Guadalcanal, Pasifiki, tarehe 13 Novemba 1942, usiku ule ilipopishana na manowari kubwa ya Japani, Hiei, kwa mita chache tu. Ya pili, DD-724, iliingia kazini Februari 1944, ikapiga mizinga pwani ya Normandy, Ufaransa, halafu Aprili 16, 1945 karibu na Okinawa ikaandamwa na ndege za kujitoa mhanga. Usukani ulikwama, tezi (sehemu ya nyuma ya meli) ikawaka moto, wakafa watu 32, na bado ikaelea! Ilistaafu 1975. Iko Patriots Point, South Carolina, ni makumbusho. Angalia namba 724 kwenye omo (sehemu ya mbele ya meli).