Woga Niliovuka Nao

Likoni, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako imenifikia, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja. Umepewa kazi ya kuwaongoza wenzako, lakini kila ukisimama mbele yao koo hukukauka, na juzi mmoja alipokuuliza jambo usilokuwa na jibu lake ulimjibu kwa ukali mpaka ukajuta. Sasa wataka kujua mimi mamako niliuondoaje woga wa feri. Mwanangu, sikuuondoa.

Ulikuwa mdogo sana ile Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa zaidi ya 270. Mimi sikuwamo, lakini mtaani kwetu palisomwa hitima zaidi ya moja. Kazi yangu ya uuguzi ilikuwa kisiwani, na njia yangu ilikuwa kivuko cha Likoni. Siku niliyojaribu kurudi kazini nilifika pale mteremko unapoanza, miguu ikagoma, nikageuka. Hapo nisikilize vizuri, kwa sababu ndipo nilipojidhuru: nilipogeuka nilipata raha. Moyo ulitulia, jasho likakauka, na nafsi yangu ikajifunza kwamba kukimbia ndiyo dawa; basi kesho yake woga ulinipokea mbali zaidi, kwenye kituo cha matatu, na keshokutwa ukanipokea mlangoni kwangu. Nikajikinga na ule msemo wa wazee kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, nikajiona mwenye busara, ilhali nyumbani hamkuwa na kicheko chochote.

Marehemu bibi yako hakunihubiria. Alinishika mkono tukaenda kuketi juu ya mteremko, karibu na wauza mihogo ya kukaanga, tukazitazama feri zikija na kwenda mpaka moyo wangu ukachoka kudunda. Siku kadhaa tulifanya hivyo tu. Kisha tukashuka hadi langoni. Kisha tukapanda, nami nikashika chuma cha ubavuni kilichokuwa na kutu na chumvi, nikivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya nane. Kazini nilikuwa nimejifunza kwamba hofu ikija, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na mdomo ukakauka. Moyo hatuwezi kuuamuru, lakini pumzi twaweza, na pumzi ikitolewa taratibu moyo nao hupunguza mwendo. Woga ulivuka pamoja nami siku hiyo na miezi mingi baadaye, kila safari ukipungua kidogo. Kwa hiyo usingoje utulie ndipo usimame. Anza na wenzako wawili au watatu, kwa maneno machache, na sauti ikitetemeka usiketi mpaka umalize ulichokusudia kusema.

Kuhusu ule ukali, mimi sidhani ulikuwa hasira. Uliulizwa mbele ya watu jambo usilolijua, na kilichokuchoma ni aibu. Lugha yetu imetupa aibu, uchungu, kinyongo, wivu na fadhaa, nasi twavitia vyote katika kapu moja la hasira. Ukiitambua aibu utaweza kusema, "Sina jibu sasa, nitakuletea kesho". Ukiiita hasira utamtafuta wa kumuumiza. Mwenzako huyo mwendee umtake radhi ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu.

Na ikiwa hofu yakunyima usingizi wiki baada ya wiki, mwone mshauri nasaha bila kuona haya. Zama zile mimi sikumpata, na naamini ningepona mapema.

Umesema mkutano ni Jumatatu. Nipigie kabla hujaingia, tuhesabu pumzi pamoja.

Mamako akupendaye